Otto Salomon: Mwalimu Aliyempa Mtoto Kisu

Utangulizi

Wahenga wetu walisema kwamba mtoto akililia wembe, apewe. Mara nyingi twaitumia methali hii kwa kumkomesha mkaidi: akatwe, apate funzo. Mzazi aliyechoka huweza kuielewa hivyo, lakini mwalimu hana ruhusa hiyo. Aliyekabidhiwa darasa zima la watoto wa wenzake hawezi kungoja damu ifundishe badala yake. Wala hawezi kuufungia wembe kabatini siku zote, kwani mtoto yule yule anayenyimwa kisu shuleni asubuhi, jioni hutumwa kuchanja kuni kwa panga nyumbani, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kulishika.

Baina ya kumwacha mtoto akatwe na kumnyima zana kabisa, ipo njia ya tatu, nayo ni kumfundisha. Mmoja wa watu waliotumia karibu maisha yao yote kuitafuta njia hiyo ni Otto Salomon wa Uswidi. Makala haya yaeleza maisha yake kwa ufupi, kisha yatazama yale ambayo mwalimu wa shule ya msingi aweza kujifunza kwake.

Kuzaliwa na Ujana

Otto Salomon alizaliwa tarehe 1 Novemba, 1849 katika mji wa Göteborg, bandari kubwa ya magharibi ya Uswidi. Mjomba wake, August Abrahamson, alikuwa mfanyabiashara tajiri. Mwaka 1868 mjomba huyo alinunua shamba kubwa mahali paitwapo Nääs, nje ya mji huo, akahamia huko. Mwaka huo huo kijana Otto alijiunga na chuo cha ufundi mjini Stockholm, lakini hakukaa sana. Aliacha masomo akaenda Nääs kumsaidia mjomba wake kuliendesha shamba.

Hivyo Salomon hakuanza kama mwalimu. Hakuwa seremala pia. Alikuwa kijana wa mjini aliyejikuta katikati ya wakulima, naye alianza kwa kutazama hali yao.

Hali haikuwa njema. Miaka ya 1867 na 1868 ilikuwa ya njaa kali katika Uswidi, na watu wengi walikuwa wakihamia Marekani. Kwa karne nyingi wakulima wa nchi hiyo walikuwa wametumia majira marefu ya baridi, ambapo ardhi hailimiki, kutengeneza majumbani mwao vijiko, mipini, ndoo, viti na vyombo vingine vya kazi. Ufundi huo wa nyumbani huitwa kwa lugha yao slöjd, nasi twaweza kuuita sloidi. Viwanda vilipoanza kutoa vyombo hivyo kwa bei rahisi, sloidi ilianza kufa, na pale ilipokufa majira ya baridi yakawa ya uvivu na ulevi. Vijana walikua bila kujua kazi ambayo babu zao waliijua kabla ya kufikia umri wa kuoa.

Shule ya Nääs

Mwaka 1872 Abrahamson na mpwa wake walifungua pale shambani shule ya ufundi kwa wavulana waliomaliza masomo ya awali. Miaka miwili baadaye, mwaka 1874, ikafunguliwa na ya wasichana. Lengo la kwanza lilikuwa la kiuchumi: ufundi wa nyumbani ufufuke, na vijana wapate riziki. Wavulana walitumia sehemu kubwa ya siku katika karakana, wakifundishwa na mafundi.

Punde si punde lilijitokeza tatizo la walimu. Vijiji vingine vilitaka shule za namna hiyo, na waliopatikana kufundisha walikuwa mafundi waliojua kazi lakini hawakujua watoto. Fundi hodari, akiona mtoto anakosea, humnyang'anya kisu na kuimaliza kazi mwenyewe. Kitu hutoka kizuri, na mtoto hutoka vile vile alivyoingia. Kwa sababu hiyo, katikati ya miaka ya 1870, Nääs ilianza pia kuwafunza walimu wa sloidi.

Safari ya Ufini

Badiliko kubwa katika maisha ya Salomon lilikuja mwaka 1877, alipokwenda Ufini kuonana na Uno Cygnaeus. Mzee huyu, aliyezaliwa mwaka 1810, ndiye aliyeasisi elimu ya msingi ya nchi hiyo na chuo cha ualimu cha Jyväskylä, kilichofunguliwa mwaka 1863. Kwa juhudi zake, sheria ya mwaka 1866 iliifanya kazi ya mikono kuwa somo katika vyuo vya ualimu na katika shule za wavulana za vijijini. Ufini ilikuwa nchi ya kwanza kufanya hivyo.

Cygnaeus alimfungua macho Salomon kwa jambo moja. Kazi ya mikono katika shule ya msingi isifundishwe kwa ajili ya kile kitu kinachotengenezwa, bali kwa ajili ya mtoto anayekitengeneza. Kijiko ni njia. Mtoto ndiye shabaha. Basi anayefaa kufundisha somo hilo ni mwalimu aliyejifunza ufundi, si fundi aliyepewa darasa.

Salomon alirudi Nääs akiwa na fikra mpya. Hakuigeuza shule kwa siku moja, kwani wapo waliokuwa wakiipima kwa mazao yake. Lakini kidogo kidogo mafunzo ya walimu yalichukua nafasi ya kwanza, na hatimaye shule ya watoto ikafungwa, nguvu zote zikaelekezwa kwa walimu. Mtu anayekubali kuiacha kazi aliyoianzisha mwenyewe, kwa sababu ameona iliyo bora zaidi, anastahili heshima.

Utaratibu Wake wa Kufundisha

Kozi za Nääs zilichukua muda wa majuma matano au sita. Walimu, wanaume kwa wanawake, waliishi pale pale shambani. Mchana walifanya kazi kwenye meza za useremala. Kwa nyakati nyingine walisikiliza mihadhara ya ualimu, wakacheza michezo na kuimba. Hawakutozwa ada ya mafunzo.

Kiini cha utaratibu wa Salomon kilikuwa mpango wa hatua. Aliichambua kazi yote ya mbao katika mazoezi 88, kila zoezi likiwa namna moja ya kutumia zana moja: kukata kwa kisu kufuata nyuzi za mti, kukata kwa kukingama, kupasua kwa msumeno, kupiga randa, na kadhalika. Kisha aliyapanga mazoezi hayo ndani ya mfululizo wa vitu 50. Kitu cha kwanza kilikuwa kijiti chembamba cha kuonyeshea, kinachotengenezwa kwa kisu. Kila kitu kilichofuata kilirudia yaliyokwisha kujulikana, kikaongeza jambo jipya kidogo tu. Mtoto alitoka katika rahisi kwenda katika gumu, na katika anachokijua kwenda katika asichokijua, bila kurushwa hatua.

Wengi walimwuliza kwa nini aanze na kisu, zana inayotisha wazazi. Sababu yake ilikuwa nyepesi. Kisu ndicho zana ambayo mtoto anaijua tayari. Amekiona jikoni na amekishika kabla ya kuja shuleni. Afadhali basi aanze na kile ambacho mkono wake umekizoea, kabla ya kupewa randa au patasi asiyoifahamu.

Mambo mengine aliyoyasisitiza ni haya. Kitu kinachotengenezwa kiwe cha kutumika nyumbani, si pambo la anasa. Kiwe kazi ya mtoto mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu aongoze, aonyeshe, asahihishe, lakini asiitie mkono wake kazi ya mtoto. Kila mtoto aende kwa mwendo wake, kwa hiyo wanafunzi wasiwe wengi kupita kiasi. Tena namna ya kusimama iangaliwe sana: miguu, mgongo na mabega viwe mahali pake. Kwa msumeno na randa, mtoto ajizoeze mkono wa kulia na wa kushoto pia, ili mwili usipinde upande mmoja.

Shabaha ya yote hayo ilikuwa kumjengea mtoto upendo wa kazi na heshima kwa kazi ngumu ya mwili, kujitegemea, utaratibu, usafi, usahihi, uangalifu na ustahimilivu. Mtoto akidanganya katika hesabu aweza kubahatisha jibu. Akidanganya katika kupima mpini, shoka litachomoka.

Umaarufu na Lawama

Habari za Nääs zilienea. Walimu walitoka katika nchi zipatazo 40, zikiwamo Uingereza, Marekani na Japani, wakarudi kwao na kuanzisha masomo ya sloidi. Vitabu vya Salomon vilifasiriwa kwa lugha nyingi. Mjomba wake alifariki mwaka 1898, akaliacha shamba mikononi mwa serikali ya Uswidi ili mafunzo yaendelee. Salomon mwenyewe aliongoza mafunzo hayo hadi alipofariki tarehe 3 Novemba, 1907, akiwa na umri wa miaka 58. Uswidi hadi leo hufundisha sloidi kama somo la lazima.

Lawama pia zilikuwapo, na si vema kuzificha. Wapo waliosema kwamba mfululizo wake ulikuwa mgumu kama reli: watoto wote waliiga mifano ile ile, nafasi ya kubuni chao wenyewe ikawa ndogo. Lawama hii ina ukweli ndani yake. Mwalimu aliyeishika orodha ya vitu 50 na kuisahau shabaha alikuwa amechukua ganda na kuacha kiini.

Mafunzo kwa Mwalimu wa Leo

La kwanza ni swali lile lile la Ufini: kitu au mtoto? Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa Tanzania mwaka 1967, ilikusudiwa kuunganisha kazi na masomo. Lakini palikuwa na mahali ambapo shamba la shule liligeuka kuwa mazao tu, jembe likawa adhabu, na hakuna aliyemfundisha mtoto kulishika. Kazi isiyofundishwa si somo. Aidha, kazi isiyofundishwa ndiyo inayojeruhi.

La pili ni mpangilio wa hatua. Kabla ya kumpa mtoto zana, mwalimu ajiulize: mtoto huyu amekwisha jua nini? Asiyeweza kukata mstari ulionyooka kwa msumeno wa mkono hajawa tayari kwa patasi. Na kabla ya zana mpya kushikwa, aonyeshwe mahali pa kuweka mkono wa pili, kwani mara nyingi mkono unaokatwa ni ule usiofanya kazi. Kisu kisukumwe kwenda mbali na mwili. Ubao ukazwe kwenye jiliwa, usishikwe kwa goti. Zana ipokezwe kwa mpini, na anayeibeba atembee, asikimbie.

La tatu ni uchaguzi wa zana. Wengi hudhani kwamba zana butu ni salama kwa mtoto. Sivyo. Zana butu hulazimisha nguvu nyingi, na nguvu ikizidi zana huteleza. Mtoto apewe zana inayolingana na kiganja chake, yenye mpini uliokaza na makali yaliyonolewa vema. Mwalimu asiyejua kunoa ajifunze kwanza kunoa. Mwisho wa kipindi zana zihesabiwe, na maranda yafagiliwe na watoto wenyewe.

La nne lahusu mashine. Siku hizi mtoto huona keekee ya umeme kwa seremala wa jirani, na msumeno wa mnyororo ukiangusha miti. Atataka kujua, naye ana haki ya kuelezwa. Lakini tofauti ni kubwa. Zana ya mkono hupata nguvu kwa mtoto mwenyewe. Akisita, nayo husita. Mashine haisiti. Msumeno wa mnyororo, ncha yake ya juu ikigusa gogo, huruka nyuma kumwelekea mshikaji kabla hajapepesa jicho. Ni zana ya mtu mzima aliyefunzwa, aliyevaa kofia ngumu, kinga za macho na masikio, na suruali ya kukinga miguu. Hauna nafasi mikononi mwa mtoto wa shule ya msingi. Tunachoweza kumpa sasa ni mazoea: kufikiri kabla ya kushika, kuisimamisha kazi mtu anapokaribia, kutoona haya kusema hajui. Akiyapata kwa kisu akiwa mdogo, siku atakayofundishwa mashine atakuwa nayo tayari.

Tamati

Salomon hakuvumbua kisu wala randa. Alichofanya ni kuketi na kuuliza, kwa kila zana, mtoto aanzie wapi na afuatie nini. Mwalimu-mwanafunzi asiye na karakana wala meza ya useremala aweza kuanza pale pale alipoanza yeye: kijiti, kisu kikali, watoto wachache kwa zamu, na macho yake mwenyewe yasiyoondoka mikononi mwao.

Maswali ya Kujadili

1. Eleza tofauti kati ya fundi anayefundisha na mwalimu aliyejifunza ufundi. Toa mfano kutoka katika mazoezi yako ya kufundisha.

2. Chagua kitu kimoja kinachotumika nyumbani katika eneo lako, kama vile mwiko au mpini wa jembe. Orodhesha hatua za kukitengeneza, kuanzia iliyo rahisi. Katika kila hatua, mkono wa pili wa mtoto utakuwa wapi?

3. Mzazi amekuja shuleni kulalamika kwamba mwanawe amepewa kisu. Utamjibu nini, na utamwonyesha nini?