Salme binti Said Ugenini: Je, Alikataa Kwao?

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii hutajwa aghalabu mtu anapohamia nchi ya mbali, akaanza kuvaa, kula na kusema kama wenyeji wa huko. Anayeitaja huwa tayari amekwisha kutoa hukumu. Makala haya yanaipima methali hiyo kwa maisha ya mwanamke ambaye jina lake si geni kwa wanafunzi wa historia ya pwani yetu: Sayyida Salme binti Said, aliyefariki akijulikana kama Emily Ruete. Salme alibadilisha jina, dini, mavazi na lugha ya nyumbani. Je, kwa kufanya hivyo alikataa kwao? Na je, aliowaendea walimkubali kuwa mmoja wao?

Malezi ya Mtoni

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini mwa mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa vitani angali mtoto na kung'olewa kwao katika milima ya Kaukasi. Hivyo basi, ugeni haukuwa jambo jipya katika nyumba aliyozaliwa. Ndani ya kasri hilo kulisikika Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi na lugha za Wahabeshi na Wanubi, na wengi wa waliozisema hawakufika pale kwa hiari yao.

Watoto wa kike wa kasri walifundishwa kusoma Kurani ila hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri. Alinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia, ambao siku hizo ulitumiwa kama ubao wa kuandikia, hadi mkono wake ukazoea. Ujuzi huo ndio uliomponza. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856 na Majid akatawala Zanzibar. Mwaka 1859, baada ya kifo cha mama yake, Salme alijiunga na kundi la ndugu yake Barghash lililokula njama ya kumpindua Majid. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa karani wa njama hiyo akiwa na umri wa miaka 15. Njama ilizimwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akahamishiwa Bombay. Salme alibaki Unguja, lakini ndugu wa pande zote mbili walikuwa na kinyongo naye. Alijitenga katika mashamba ya Kisimbani na Bububu. Ikumbukwe basi kwamba upweke wa Salme ulianza nyumbani, miaka kadhaa kabla hajapanda meli.

Safari ya Kuondoka

Aliporudi mjini, alikaa jirani na mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Ujirani ukazaa mapenzi, na kufikia katikati ya mwaka 1866 Salme alikuwa mjamzito. Kwa binti wa mtawala wa Kiislamu asiyeolewa, mimba ya mwanamume Mkristo ilikuwa hatari kwa uhai wake. Mwezi Agosti 1866 alitoroka kwa manowari ya Uingereza iliyoitwa Highflyer. Inasimuliwa kwamba alitumia fursa ya sherehe za Siku ya Mwaka, wakati ambapo wanawake huteremka pwani kuoga.

Alifikishwa Aden, akajifungua mtoto wa kiume huko na kumsubiri Ruete kwa miezi kadhaa. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa na kuanza safari ya Ulaya, yote siku moja. Mtoto wao alifariki njiani kabla hawajafika Hamburg. Kwa hakika, Salme hakuingia Ujerumani kama mtalii anayeweza kurudi akichoka. Aliingia akiwa mfiwa, na nyuma yake mlango ulikuwa umefungwa.

Maisha ya Kila Siku Hamburg

Tunapozungumzia ugumu wa kuzoea ughaibuni, fikira zetu hukimbilia baridi. Baridi ilikuwapo, lakini haikuwa kubwa kuliko mengine. Fikiria kwanza suala la wakati. Huko Unguja jua huchomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima, na siku ya Waswahili huanza machweo. Hamburg, mchana wa Juni hukaribia saa 17, na ule wa Desemba hupungua hadi takriban saa saba na nusu. Mtu aliyezoea kuipanga siku yake kwa jua na kwa vipindi vya sala alijikuta hana kipimo.

Suala la pili ni milango. Nyumba za Unguja zilijengwa ili upepo upite, na watu waliingia na kutoka mchana kutwa. Mgeni aliyepiga hodi alikaribishwa hata kama chakula kilikuwa kimekwisha kupakuliwa. Katika tabaka la wafanyabiashara wa Hamburg, milango ilifungwa kuzuia baridi na ziara zilifanywa kwa mwaliko na kwa saa maalumu. Ruete aliondoka asubuhi kwenda kazini. Yeye alijua Kiswahili, na lugha hiyo iliwaunganisha. Alipotoka, Salme alibaki na watumishi wasioelewa neno lake hata moja, naye asielewe lao. Alilazimika kujifunza Kijerumani akiwa mtu mzima, kuanzia majina ya vyombo vya jikoni.

Aidha, palikuwa na mavazi na macho ya watu. Kwao, mwanamke wa hadhi yake alivaa barakoa mbele ya wanaume wasio maharimu wake. Huko Hamburg alitakiwa kuvaa gauni la Kizungu, kuketi mezani na wanaume wageni na kuhudhuria dansi ambazo mabega ya wanawake yalikuwa wazi. Kila alikokwenda alitazamwa kama kioja. Mavazi aliyapata dukani na adabu za mezani alizijifunza, ila hakupata njia ya kuepuka kutazamwa.

Zito kuliko yote lilikuwa imani. Alibatizwa bila kufundishwa vya kutosha dini aliyoingia, na moyo wake haukuwa umeiaga ile aliyotoka. Maandishi yake yanaonyesha mtu aliyejilaumu kwa jambo hilo miaka mingi. Hapa ndipo tunapoona kwamba kuzoea desturi na kubadilika moyo ni mambo mawili tofauti.

Ujane na Kalamu

Wanandoa hao walijaliwa watoto watatu kati ya mwaka 1868 na 1870: Antonie, Rudolph na Rosalie. Mwezi Agosti 1870 Ruete aliangukia chini ya tramu iliyokokotwa na farasi, akafariki baada ya siku chache. Salme hakuwa hata ametimiza miaka 26, na kitinda mimba wake alikuwa na miezi michache tu. Lau angekuwa Unguja, angekaa eda akizungukwa na jamaa, kisha angesimamia mali yake mwenyewe kama alivyosimamia mashamba yake kabla ya kuolewa. Huko Hamburg, sheria iliwaweka mjane na mali yake chini ya wasimamizi wa kiume. Hii ni kejeli inayostahili kuzingatiwa na wale wanaodhani kwamba kila mwanamke aliyetoka Mashariki kwenda Ulaya alitoka kifungoni kwenda kwenye uhuru.

Mali ilipungua. Salme alihama mji baada ya mji, miongoni mwake Dresden, Rudolstadt na Berlin, akitafuta maisha nafuu. Alifundisha Kiarabu na Kiswahili ili kulea wanawe. Hatimaye akairudia kalamu. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani jijini Berlin, kitabu ambacho huhesabiwa miongoni mwa tawasifu za mwanzo kabisa zilizochapishwa na mwanamke Mwarabu. Zaidi ya hicho, aliandika barua ndefu kuhusu maisha yake ya Ujerumani, akimwelekea rafiki wa kike wa nyumbani asiyetajwa jina. Barua hizo hazikuchapishwa uhai wake. Tafsiri yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1993. Jambo la kushangaza ni kwamba ziliandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo rafiki wa Unguja asingeweza kuisoma.

Kurudi Kusikofaulu

Salme hakuacha kutafuta njia ya kupatana na jamaa zake. Mwaka 1875 Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alizuru London. Salme alimfuata huko lakini Waingereza wakamzuia kumwona. Mwaka 1885 alifika Zanzibar pamoja na manowari za Ujerumani zilizotumwa kumlazimisha Barghash akubali madai ya Wajerumani kwenye bara. Raia walimtambua mitaani, lakini ndugu yake alikataa kumpokea na urithi hakuupata. Si vigumu kuelewa kwa nini: alikuja na mizinga ya wageni. Bismarck alikuwa akimtumia, na alipokwisha kupata alichotaka hakumjali tena. Alijaribu tena mwaka 1888 baada ya kifo cha Barghash, asifanikiwe. Baadaye aliishi Jaffa na kisha Beirut hadi mwaka 1914, mahali ambapo angalau alisikia Kiarabu mitaani. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Majivu yake yalizikwa Hamburg katika kaburi la mumewe, na inaelezwa kwamba alizikwa pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar alichokuwa amekihifadhi.

Hitimisho

Turudi kwenye methali. Maisha ya Salme yanaonyesha kwamba hakukataa kwao. Kwao ndiko kulikomkataa, ilhali ugenini hakukumpokea kikamilifu. Alivaa, akala na kusema kama wenyeji, na bado akabaki mgeni. Anayemhukumu mhamiaji kwa mavazi na lafudhi yake basi hajamjua.

Hata hivyo, neno mtumwa katika methali hiyo halituruhusu kumaliza kwa huruma pekee. Katika kumbukumbu zake, Salme aliutetea utumwa wa Zanzibar na kuwadharau watu waliotumikishwa. Kwa sababu hiyo, uwanja uliopewa jina lake jijini Hamburg mwaka 2019 uliondolewa jina hilo baadaye. Watumwa wa mashamba ya Kisimbani na Bububu nao walikuwa watu waliong'olewa kwao, wakapewa majina mapya, dini mpya na lugha mpya. Wao hawakuwa na mfupa wa ngamia wa kujifunzia kuandika. Salme aliyaonja machungu ya ugeni kwa miaka zaidi ya hamsini, lakini hakuyatambua machungu hayo kwa waliomtumikia.

Sisi wanafunzi wa fasihi tunapaswa kuyasoma maandishi yake kwa macho yote mawili: kwa yale aliyoyaeleza kwa ufasaha kuhusu maisha ya ugenini, na kwa wale wahamiaji wengine waliomo ndani ya kurasa hizo hizo, ambao hakuwapa nafasi ya kusema.