Mzee Ojwang': Mkikuyu Aliyedhaniwa na Nchi Nzima Kuwa Mjaluo

Wewe wa Kiptere, ukiteremka hadi soko la Sondu unajua utakachosikia: Kiswahili cha Kijaluo, "shamba" likiitwa "samba". Sasa jaribu kuiga lafudhi hiyo mbele ya wenyewe. Utaona cha mtema kuni.

Lakini kuna mzee aliyeishi na lafudhi hiyo runingani kwa miongo kadhaa, na Wajaluo wenyewe wakamchukua kama wao. Jina lake halisi? Benson Wanjau, Mkikuyu aliyezaliwa 1937. Sisi tulimjua kama Mzee Ojwang' Hatari.

Kwa runinga alianzia kipindi cha Darubini mapema miaka ya 1980, kisha 1985 ikaja Vitimbi. Kumbuka enzi hizo hakukuwa na kubadilisha chaneli. Hadi KTN ilipoanza 1990, runinga ilikuwa moja tu, ya serikali. Nyumba yenye TV ilijaa majirani, wote macho kwa Ojwang' na mkewe wa kuigiza, Mama Kayai. Na usisahau Masanduku arap Simiti, jina ambalo huku kwetu halihitaji kuelezwa.

Mbona basi hakuna aliyekasirika? Angalia kichekesho kilitoka wapi. Ojwang' hakuchekwa kwa sababu ni Mjaluo. Alichekwa kwa sababu ni mume mbishi anayetaka kuonekana bosi nyumbani, halafu mke anamzidi akili. Mzee kama huyo yuko kila boma, hata la Mkipsigis. Lafudhi ilikuwa nguo tu. Ndani yake kulikuwa na mtu mzima.

Pesa nayo? Jina lilikuwa kubwa, mfuko haukuwa hivyo. Macho yalipomsumbua uzeeni, ilibidi Wakenya wachange ili atibiwe. Alifariki Julai 12, 2015, hospitali ya Kenyatta, akiwa na miaka 78. Ndio hapo wengi walishangaa kusikia jina Wanjau kwa taarifa ya habari.

Siku hizi kila msee mwenye simu anaigiza kabila la jirani, na siasa zikipamba moto utani huo hugeuka sumu haraka sana. Kabla hujaposti yako, jiulize swali moja: ukiondoa lafudhi, kuna mtu amebaki hapo? Kama hakuna, hiyo si komedi. Ni matusi tu.