Philly Lutaaya, Mwimbaji Aliyeutaja Ugonjwa Wake

Mwaka 1989 nilikuwa nikikaa Majengo, mjini Meru, nikinunua miraa ya Maua na kuipeleka Mombasa. Katika nyumba tuliyopanga alikuwamo dereva mmoja, kijana wa kwetu pwani, aliyekonda hata kanzu ikamning'inia. Alikuwa na kikombe chake peke yake na sahani yake peke yake, na msikitini watu walimwachia nafasi pande zote mbili. Mimi nilikuwa mmoja wa watu hao.

Ndipo habari za Philly Bongoley Lutaaya zilipotufikia kutoka Uganda.

Marehemu Lutaaya alizaliwa mwaka 1951, akauingia muziki tangu ujana wake. Katika miaka ya themanini alihamia Stockholm, nchini Sweden, na huko ndiko alikorekodi Born in Africa, santuri iliyompatia sifa Uganda nzima. Basi huyo, jina lake likiwa juu, alirudi kwao mwaka huo wa 1989 akatangaza hadharani kwamba ana Ukimwi. Hapakuwa na mtu mashuhuri wa Uganda aliyepata kuthubutu hivyo kabla yake. Wengi hawakumsadiki, kwani alikuwa bado ana nguvu na uso wa kupendeza, na wako waliodhani anatafuta fedha tu.

Naye hakurudi nyuma. Alizunguka shule na makanisa akizungumza na kuimba huku mwili ukizidi kumwisha. Wimbo wake wa wakati huo aliuita Alone and Frightened, yaani mpweke na mwenye hofu, na kwa kweli yule dereva wetu ungemweleza kwa maneno hayo hayo. Maana maradhi haya hupunguza kinga ya mwili, hata kikohozi au kuhara kukawa balaa. Lakini hayaambukizwi kwa kikombe, wala kwa kupeana mkono, wala kwa kuswali bega kwa bega. Haya tulikuwa tumeshaambiwa. Kusikia tulisikia, ila kikombe kilibaki pale pale pembeni.

Lutaaya alifariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 38. Mchanganyiko wa dawa ambao leo humwezesha mgonjwa kufanya kazi na kulea wanawe miaka mingi ulianza kutumika mwaka 1996, naye keshazikwa zamani.

Dereva wetu alifia Embu mwaka 1990, tukiwa njiani kumpeleka Nairobi. Ikawa shida kupata wa kumwosha. Walitakiwa watu watatu, wakajitokeza wazee wawili wa pale mjini ambao hata hawakumjua. Nikamkumbuka yule mwimbaji wa Uganda, nikavua saa, nikavaa mipira ya mikononi, nikaingia.

Lakini chai hatukupata kunywa pamoja hata siku moja.