Richard Titmuss

'''Richard Morris Titmuss''' (16 Oktoba 1907 – 6 Aprili 1973) alikuwa mtafiti na mwalimu wa sera za jamii kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa kuchambua takwimu za afya za serikali na kuonyesha ndani yake mambo ambayo serikali yenyewe haikuyatarajia. Nchini Tanzania jina lake limebaki katika Ripoti ya Titmuss ya mwaka 1964, iliyochunguza huduma zote za afya za Tanganyika muda mfupi baada ya uhuru.

== Maisha ya awali ==

Titmuss alizaliwa shambani huko Stopsley, karibu na mji wa Luton, akiwa mmoja wa watoto wanne. Shamba la baba yake halikufanikiwa. Baadaye baba huyo alijaribu biashara ya kusafirisha mizigo, nayo haikumletea utajiri. Richard aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14. Alisoma utunzaji wa hesabu kwa miezi sita, akaajiriwa kama mtumishi mdogo wa ofisini.

Baba alipofariki mwaka 1926, kijana huyo alibeba mzigo wa kumtunza mama na ndugu zake. Aliingia kampuni ya bima ya moto kama karani na kukaa humo miaka 16. Hakuna aliyeweza kubashiri nyumba ipi itaungua, lakini hasara za nyumba elfu kumi zilifuata mpangilio, na mpangilio huo ndio uliokuwa riziki ya kampuni. Shahada ya chuo kikuu hakuwahi kuipata maishani mwake.

Mwaka 1937 alimwoa Kathleen Miller, aliyejulikana kama Kay, ambaye alikuwa akifanya kazi za ustawi wa jamii. Binti yao, Ann Oakley, alizaliwa mwaka 1944 na kuwa mwanasosholojia mashuhuri.

== Vifo vya watoto na utajiri wa wazazi ==

Mchana Titmuss alikuwa karani. Jioni alisoma taarifa za serikali kuhusu vizazi, vifo na magonjwa. Kitabu chake ''Poverty and Population'' kilitoka mwaka 1938. Ndani yake alilinganisha maeneo ya Uingereza na Wales, akaonyesha kwamba watu wa kaskazini na wa Wales walikufa kwa wingi kuliko wale wa kusini-mashariki, na kwamba umaskini ulihusika.

Mwaka 1943 alitoa ''Birth, Poverty and Wealth'', kilichohusu vifo vya watoto wachanga. Serikali ilijivunia kwamba vifo hivyo vilikuwa vikipungua nchi nzima, na ni kweli vilikuwa vikipungua. Titmuss aligawa takwimu hizohizo kulingana na kazi za baba wa watoto. Ilionekana kwamba pengo kati ya watoto wa matajiri na watoto wa vibarua halikuwa limepungua. Wastani wa taifa ulikuwa umelificha.

Katika miaka hiyo alikuwa mwanachama wa Chama cha Eujeniki, kilichoamini kwamba taifa linaweza kuboreshwa kwa kuchagua nani azae. Titmuss alisisitiza humo nguvu ya mazingira na kipato kuliko damu, hata hivyo uanachama huo umelaumiwa na waandishi wa baadaye, na haufai kuachwa nje ya habari za maisha yake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliitwa kuandika historia rasmi ya huduma za jamii za wakati wa vita. Matokeo yake, ''Problems of Social Policy'', yalichapishwa mwaka 1950. Mwaka huohuo Shule ya Uchumi ya London ilimpa uprofesa, na mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 14 akaanza kufundisha wenye shahada.

== Meno bandia, miwani na Kamati ya Guillebaud ==

Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza ilianza tarehe 5 Julai 1948. Matibabu yote yalikuwa bure, pamoja na ya meno na macho. Watu walimiminika. Wengi walikuwa wameishi miaka mingi na meno yaliyooza, au bila meno kabisa, kwa sababu hawakuweza kumlipa daktari. Makadirio ya bajeti ya meno na miwani yalizidiwa mara moja, na magazeti yakaanza kuandika juu ya gharama zisizo na kikomo.

Mwaka 1951 serikali ya chama cha Labour iliamua kutoza ada ya meno bandia na miwani. Mawaziri Aneurin Bevan, aliyeianzisha huduma hiyo, na Harold Wilson walijiuzulu, pamoja na John Freeman. Serikali ya Conservative iliyofuata iliongeza ada nyingine mwaka 1952: shilingi moja kwa cheti cha dawa, na hadi pauni moja kwa matibabu ya meno. Mwaka 1953 iliunda kamati chini ya mchumi Claude Guillebaud kuchunguza gharama za huduma nzima. Hazina ilitarajia kupata sababu za kupunguza matumizi.

Kazi ya hesabu ilifanywa na mchumi kijana, Brian Abel-Smith, huku Titmuss akiwa mshauri wake. Tatizo la kwanza lilikuwa vitabu vya serikali vyenyewe. Vilionyesha fedha zilizotoka kila mwaka, bila kusema bei zimepanda kiasi gani, watu wameongezeka wangapi, wala pato la taifa limekua vipi. Kwa macho ya mtu wa kawaida gharama zilikuwa zikipanda tu.

Mfano mdogo wa kubuni unaweza kusaidia. Familia yenye kipato cha shilingi 800 hutumia shilingi 30 kwa matibabu. Miaka michache baadaye kipato chake ni shilingi 1,200, nayo hutumia shilingi 39. Imetumia shilingi 9 zaidi, lakini sehemu ya kipato iliyokwenda kwenye matibabu imeshuka kutoka asilimia 3.75 hadi asilimia 3.25.

Asilimia hizo mbili ndizo Abel-Smith na Titmuss walizozipata kwa taifa zima la Uingereza na Wales: 3.75 ya pato la taifa katika mwaka wa fedha 1949/50, na 3.25 katika mwaka 1953/54. Waligundua pia kwamba fedha za kujenga hospitali zilikuwa chini sana kuliko kabla ya vita. Kamati ilitoa ripoti yake Januari 1956, na haikuona ubadhirifu ambao wengi waliudhani. Huduma ilinusurika.

Upande wa meno jibu halikuwa jepesi hivyo. Gharama zake zilishuka baada ya miaka ya kwanza. Sehemu ya kushuka huko ilitokana na watu waliosubiri muda mrefu kuwa wamekwisha kuhudumiwa, na sehemu nyingine ilitokana na ada. Katika hesabu, mtu aliyepona na mtu aliyeshindwa kulipa wanafanana: wote wawili hawakuonekana kwa daktari wa meno mwaka huo.

== Tanganyika ==

Baada ya kufanya kazi kama hiyo nchini Mauritius, ambako ripoti yao ilitoka mwaka 1961, Titmuss na Abel-Smith walihusishwa na uchunguzi wa Tanganyika. Walishirikiana na madaktari watatu: George Macdonald, mtaalamu wa malaria, Arthur Williams, aliyewahi kufundisha udaktari Makerere, na Christopher Wood. Ripoti yao, ''The Health Services of Tanganyika'', ilikabidhiwa serikali na kuchapishwa mwaka 1964.

Nchi waliyoichunguza ilikuwa na madaktari wazalendo wanaohesabika. Huduma ziligawanyika katika mikono mitatu. Serikali kuu iliendesha hospitali, serikali za mitaa ziliendesha zahanati nyingi, na misheni zilikuwa na hospitali na zahanati zao. Kila upande ulikuwa na daftari lake.

Nyanda za Juu Kusini zinaonyesha vizuri hali hiyo. Jimbo hilo lilijumuisha Iringa, Njombe na Mbeya kabla ya kugawanywa kuwa mikoa mapema katika miaka ya 1960. Wagonjwa wengi walitegemea hospitali za misheni: Tosamaganga ya Wakatoliki karibu na mji wa Iringa, Ilembula ya Walutheri, na Mbozi ya Wamoravian. Mkulima wa milimani angeweza kutembea siku nzima kabla ya kumwona mganga. Daftari la hospitali humwonyesha aliyefika, na aliyerudi mara tatu huhesabiwa mara tatu. Aliyefia njiani, au asiyeondoka nyumbani kabisa, hayumo.

Ripoti ilipendekeza uzito uhame kutoka hospitali za mijini kwenda vituo vya afya vya vijijini, kinga ipewe nafasi sawa na tiba, na wafundishwe watumishi wa ngazi ya kati watakaofanya kazi kwa vikundi karibu na wananchi. Ilitaka pia serikali, halmashauri na misheni wapange pamoja.

Utekelezaji haukuanza mara moja. Katika Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa 1964–1969 hospitali ziliendelea kuvuta fedha, na mwaka 1971 zilifunguliwa hospitali mbili kubwa, KCMC mjini Moshi na Bugando mjini Mwanza, ambazo uendeshaji wake ulihitaji fedha nyingi kila mwaka. Mabadiliko yalikuja baada ya Azimio la Arusha la 1967, hasa kuanzia mwaka 1972, fedha zilipoelekezwa kwenye zahanati na vituo vya afya. Lengo lilikuwa zahanati moja kwa watu 10,000 na kituo kimoja cha afya kwa watu 50,000. Huduma ya meno ilisubiri zaidi: mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Dar es Salaam mwaka 1979.

== Damu na miaka ya mwisho ==

Kitabu chake kinachosomwa zaidi ni ''The Gift Relationship'' cha mwaka 1970. Alilinganisha damu iliyotolewa bure Uingereza na damu iliyonunuliwa Marekani, akaonyesha kwamba damu ya kununua ilileta homa ya ini mara nyingi zaidi na ilipotea kwa wingi. Serikali ya Marekani ilikisoma kitabu hicho kwa makini na kutangaza sera mpya ya damu mwaka 1973.

Titmuss alikataa kuingia katika Baraza la Malodi. Alikufa kwa saratani ya mapafu tarehe 6 Aprili 1973, baada ya kutibiwa London katika huduma ileile aliyoitetea kwa hesabu zake.

== Baada yake: mizani za Iringa ==

Titmuss hakuhusika na mradi wa lishe wa Iringa, ulioanza miaka kumi baada ya kifo chake, lakini swali alilouliza mwaka 1938 lilirudi huko kwa sura nyingine. Iringa ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyolisha nchi mahindi. Kwa takwimu za mavuno mkoa ulikuwa na shibe.

Mwaka 1984 serikali, kwa kushirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani na kwa fedha za Italia, ilianza kupima uzito wa watoto wa chini ya miaka mitano katika vijiji 168. Upimaji ulirudiwa kila baada ya miezi mitatu. Matokeo yalijadiliwa kwanza na kamati na serikali ya kijiji, ndipo yakapelekwa juu wilayani na mkoani. Zaidi ya nusu ya watoto, karibu asilimia 56, walikuwa na uzito pungufu. Sababu zilizojadiliwa vijijini zilikuwa za nyumbani: mama aliyeelemewa na kazi za shamba, mtoto aliyelishwa mara mbili tu kwa siku, maradhi yasiyotibiwa mapema. Kufikia mwaka 1988 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka hadi karibu asilimia 38, na utapiamlo mkali ulipungua zaidi.

Upimaji wa siku hizi hutazama pia udumavu, yaani urefu wa mtoto ukilinganishwa na umri wake. Ni kipimo tofauti, na hakifai kuwekwa sambamba na asilimia za mwaka 1988. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa asilimia 56.9, kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Tanzania, na bado ni mkoa unaouza mahindi nje ya mipaka yake.