Siti na Waliomwitikia

Mwembe Tayari ni mahali pa makelele. Makanga wanaita abiria, wachuuzi wananadi machungwa, na mikokoteni inapita ikisukumana na magari. Lakini nyuma ya maduka kuna kibaraza kimoja ambapo, tangu miaka mingi, sisi watu watano hukutana baada ya sala ya laasiri tukanywa kahawa tungu. Siasa tumeapizana kutoitia mdomoni. Mazungumzo yetu ni mashairi, nyimbo na maradhi ya magoti.

Juzi mwenzetu mmoja, mwalimu aliyestaafu, alituzulia jambo. Alikuja na daftari na kalamu, akataka tupange nyimbo kumi zilizoimbwa na watu wawili ambazo zimetupendeza kupita zote, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Hapo nilijua kuwa jua litatua na sisi hatujafika hata ya tatu.

Wa kwanza kusema alikuwa mzee aliyewahi kuwa dereva wa malori ya masafa. Yeye hakutaka kusikia habari nyingine ila za Nashil Pichen na Peter Tsotsi, wana wa Zambia waliokuja Nairobi wakaimba katika Equator Sound Band, na baadaye wakawa na kundi lao la Eagles Lupopo. Muuza vitambaa akamkata kauli. Kwake yeye, aliyelelewa katika sinema za Kihindi za mji huu, hakuna zaidi ya Lata Mangeshkar na Mohammed Rafi. Mwalimu naye akamtaja Zuhura Swaleh alipoimba na kundi la Maulidi Juma, akaona hiyo ndiyo fahari ya Mombasa, na mgeni asipewe kiti cha mbele mwenyeji akisimama.

Ilipofika zamu yangu nikamtaja Siti binti Saad. Wakanicheka. Siti ni mmoja, wakaniambia, na kinachotafutwa ni wawili. Basi ikanilazimu niwasimulie maisha ya bibi huyo, na hayo ndiyo ninayotaka kuwapa nanyi leo.

Siti alizaliwa Fumba, shamba la Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa, na jina hilo peke yake laeleza daraja la watu wake katika Unguja ya siku zile. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, na mama yake Mzigua. Mama alikuwa mfinyanzi, na binti akaishika kazi hiyo hiyo. Alifinyanga vyungu, akavitia kichwani, akenda navyo mjini kwa miguu akivinadi. Watu husimulia kwamba sauti yake ilikuwa ikifika kabla ya yeye mwenyewe kufika.

Hakupata kusoma wala hakujua kuandika. Mwaka 1911 aliuacha ufinyanzi wa shamba akahamia mjini. Huko akakutana na Ali Muhsin, mtu wa chama cha Ikhwan Safaa kilichoundwa mwaka 1905, naye akamfundisha kuimba kwa kufuata ala. Yafaa mkumbuke kwamba taarabu ya wakati ule ilikuwa ni pumbao la kasri na la mabwana. Ilipandwa Unguja katika zama za Sultan Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Mwanamke wa shamba aliyezaliwa katika unyonge hakuwa na mlango wa kuingilia humo.

Mlango aliufungua pamoja na wenziwe. Hapa ndipo nilipowaomba wenzangu wanisikilize vizuri. Walikuwapo Subeti bin Ambar, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban. Wanaume hao walipiga ala, wakatunga, wakaimba. Maneno yao yalikuwa ya Kiswahili, na habari zao zilikuwa za watu wa Ng'ambo, za mapenzi na hadaa, za wakubwa na hukumu zao. Watu walianza kumwita Siti, yaani bibi mwenye heshima, na jina la Mtumwa likazikwa.

Katika nyimbo zao umo ule wa Kijiti, unaosimulia mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Wimbo huo uliyahifadhi malalamiko ya watu ambao hawakuwa na gazeti la kuandika kilio chao. Siti hakuweza kuandika, lakini aliweza kukumbuka, na wenziwe waliweza kutunga. Mmoja bila ya mwingine, habari ingepotea.

Mwaka 1928 walipanda meli wakenda Bombay, wakaimba mbele ya mashine za kampuni ya HMV. Siti hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Sahani hizo zilienea pwani yote. Hata marehemu baba yangu alikuwa nazo mbili, amezifunga katika kitambaa cha kanzu kuukuu, na hatukuruhusiwa kuzigusa mpaka tumenawa mikono. Katika baadhi ya sahani za wakati ule utasikia sauti ya Siti imetangulia, kali kidogo, imepanda juu, kisha sauti ya kiume inaipokea na kuijibu, tena yeye anaichukua. Mtu anayezisikiliza kwa makini hawezi kusema kuwa aliimba peke yake.

Aliimba katika kasri ya Sultan Khalifa bin Harub, na aliimba kwenye nyumba za udongo. Mahasidi walimkejeli kwa asili yake na kwa sura yake. Naye akawajibu kwa wimbo, kama ilivyo desturi yetu watu wa pwani, asimtukane mtu. Alifariki mwezi wa Julai 1950. Kabla ya mauti yake Shaaban Robert alikuwa amemwendea, akayasikia maisha yake kutoka kinywani mwake mwenyewe, na wasifu alioutunga ukachapishwa mwaka 1958. Kwa hiyo hata kitabu cha maisha yake ni kazi ya wawili: mmoja alisema, mwingine akaandika.

Nilipokwisha, muuza vitambaa alikubali kwamba hoja ina uzito, ila akauliza mbona basi sisi sote twamjua Siti, na ni wachache wawezao kuwataja wale wanne. Sikuwa na jibu jema. Yeye mwenyewe akatukumbusha kuwa Lata na Rafi waliwahi kugombana katika miaka ya 1960. Lata alitaka mwimbaji apate fungu katika mauzo ya sahani, na Rafi aliona kuwa mwimbaji akishalipwa ujira wake, haki yake imekwisha. Wakakaa miaka kadhaa hawaimbi pamoja.

Wakati wote huo mwenzetu wa tano, fundi wa cherehani, mkubwa wetu kwa umri, alikuwa kimya. Tulimtaka naye ataje wimbo wake. Akatusimulia, kwa sauti ya chini, kwamba ujanani mwake aliwahi kuitwa aimbe sauti ya pili katika wimbo wa harusi. Beti mbili ni zake na kiitikio ni chake. Alilipwa mara moja akaenda zake. Sahani ilipotoka, karatasi yake ilikuwa na jina moja tu, nalo si lake. Hakudai, kwani aliona ni aibu kugombania sifa. Lakini kila harusi aliyokwenda alizisikia beti zake, na watu wakimtaja mwingine.

Tulimwomba autaje wimbo wenyewe. Alipoutaja, hapana aliyecheka. Sote twaujua, na mimi niliingizwa nyumbani kwa bibi harusi kwa wimbo huo. Miaka yote tuliyokaa naye kibarazani hapo, tukibishana juu ya waimbaji, hatukujua.

Mwalimu akalifungua daftari upya. Akapiga mstari katikati ya ukurasa, akatoa shauri ya kuwa wimbo wowote usiingie katika orodha mpaka aliyeutaja aandike majina yote mawili. Mzee wa malori hakuwa na shida. Muuza vitambaa hali kadhalika. Mimi niliambiwa nichague mmoja tu katika wale wanne wa Siti, nikaona vigumu, mwisho nikamwandika Maalim Shaaban na wale watatu nikawabana ukingoni kwa herufi ndogo. Nyimbo nyingine saba zilizokwisha kutajwa zilifutwa, kwa kuwa jina la pili halikujulikana na yeyote kati yetu.

Adhana ya magharibi ilitukuta hatujaamua nani wa kwanza. Fundi alikuwa amesimama, anatafuta viatu vyake. Mwalimu akamzuia kidogo, akamwuliza jina la babu yake, akaliandika jina lake kamili la watu watatu, mbele ya wimbo ule, katika nusu ya pili ya ukurasa.