Augustus na Sheria Isiyomgusa Mtungaji

Watawala wanaojivika joho la maadili huku nyumba zao zikivuja hawakuanza jana. Augustus, mfalme mkuu wa kwanza wa Roma, ambaye Injili ya Luka humtaja katika masimulizi ya kuzaliwa kwa Yesu, alikuwa mmoja wao.

Alizaliwa mwaka wa 63 K.K. Julius Caesar, nduguye nyanya yake, alipouawa mwaka wa 44 K.K., kijana huyo alirithi jina na mali yake. Mwaka wa 31 K.K. alimshinda Antonius na Cleopatra huko Actium, akabaki bila mpinzani.

Ndoa zake hazikuwa za kuigwa. Mwaka wa 39 K.K. alimtaliki Scribonia siku ile ile mama huyo alipojifungua binti, Julia. Haukupita muda akamwoa Livia, aliyekuwa na mimba ya mume mwingine, naye mume huyo akamwachilia.

Mtu huyo ndiye aliyepitisha, mwaka wa 18 K.K., sheria iliyofanya uzinzi kuwa jinai. Mume aliyejua kwamba mkewe amezini, kisha asimtaliki, aliweza kushtakiwa kama kuwadi. Waliopatikana na hatia walipokonywa sehemu ya mali na kuhamishiwa visiwani. Ilhali mwandishi Suetonius ametueleza kwamba Augustus mwenyewe alizini na wake za watu, wala marafiki zake hawakukanusha. Walidai tu kuwa alitafuta siri za mahasimu kupitia kwa wake zao!

Aliyelipa ni Julia. Babaye alimwoza mara tatu kwa maslahi ya ukoo: kwa Marcellus, kwa Agrippa, kisha kwa Tiberius, aliyelazimishwa kumwacha mke aliyempenda. Mwaka wa 2 K.K., Julia alipodaiwa kuzini, baba aliianika aibu hiyo mbele ya Seneti, akamhamishia kisiwa kidogo cha Pandateria, ambako alinyimwa hata mvinyo. Scribonia, yule mama aliyetalikiwa, ndiye aliyefuatana na mwanawe uhamishoni. Augustus alifariki mwaka wa 14 B.K., akiwa ameagiza kwamba Julia asizikwe katika kaburi lake. Julia naye alifariki mwaka huo huo.

Vitabu vya historia humsifu Augustus kwa amani na majengo aliyoyaacha, na sifa hizo ni haki yake. Hata hivyo, mwalimu anayefundisha habari zake asiipite kurasa hii haraka. Sheria ya maadili isiyompata mtungaji wake hugeuka rungu la kuwapigia walio chini yake, hasa wanawake. Basi mwanasiasa anapopanda jukwaani kuhubiri utakatifu wa ndoa, wanafunzi wetu wajifunze kuuliza kwanza sheria hiyo itamhukumu nani. Nyani haoni kundule, lakini wenziwe huliona.