Mtoto Mchanga Naye Yumo Chuoni

Leo nawasimulieni habari za Jean Piaget, aliyezaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1896. Mwaka 1907, naye angali mtoto, aliandika habari ya shomoro mweupe aliyemwona. Ukubwani jicho hilo hilo akalielekeza kwa wanawe watatu, Jacqueline, Lucienne na Laurent, waliozaliwa kati ya 1925 na 1931. Yeye na mkewe, Valentine, waliandika kila wakifanyacho: kunyonya, kushika, kutikisa, kuangusha.

Alipoficha kitu chini ya kitambaa, mchanga hakukitafuta, kana kwamba kimetoweka duniani. Akikaribia miezi tisa hivi, alifunua kitambaa mwenyewe. Piaget akakata shauri kwamba hadi miaka miwili mtoto hufikiri kwa mikono, kinywa na macho. Kitabu chake juu ya hayo kilitoka 1936.

Alifariki Geneva mwaka 1980. Wataalamu waliomfuata wameonyesha kuwa wachanga hujua mambo mapema kuliko alivyodhani. Hata hivyo, mimi nashika funzo lake moja: mwana aangushaye kijiko mara kumi si mtundu, anadurusu. Tumwondolee cha kumdhuru, kisha tumwache asome.